Tathmini ya aina tano za hema la familia, na lile ninalolipendekeza

Mtu anayenunua hema la familia kwa mara ya kwanza huanza kwa kusoma namba iliyochapishwa kwenye mfuko wake: watu wanne, watu sita, watu wanane. Namba hiyo ni ya kweli kwa maana yake finyu, kwa sababu huhesabu watu wanaoweza kulala chali bega kwa bega, kila mmoja akipewa upana wa sentimita 60 hivi, bila begi, bila viatu, bila dumu la maji na bila mtoto anayegaragara usingizini. Swali la familia ni jingine kabisa. Mvua ikianza alasiri na isikatike hadi usiku wa manane, je, watu wote wataweza kukaa humo ndani, wavue nguo zilizolowa, wale, wacheze na walale wakiwa wakavu? Hicho ndicho kipimo nilichotumia katika tathmini hii ya aina tano za mahema yanayouzwa kwa familia. Siku ya jua kila hema hupendeza, na hata turubai lililofungwa kwenye miti minne linatosha. Tofauti kati ya hema na hema huonekana pale hali ya hewa inapoharibika na hakuna pengine pa kukimbilia.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni kuongeza watu wawili juu ya idadi halisi ya familia. Watu wanne wachukue hema lililoandikwa watu sita, na watu watano au sita waangalie yale ya watu wanane. Hata hivyo usiishie kwenye namba. Tafuta karatasi ya vipimo, usome upana na urefu wa kila chumba cha kulala, kisha uulinganishe na magodoro mliyo nayo. Godoro la kupuliza la watu wawili huwa na upana wa sentimita 135 hadi 150, na likiingizwa katika chumba chenye upana wa sentimita 140 litasukuma kuta zote mbili. Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa kuwa ukuta wa hema la ndani, yaani tabaka la vyumba vya kulala lililo chini ya kifuniko cha mvua, ukisukumwa hadi ukagusa kifuniko cha nje, unyevu uliojikusanya chini ya kifuniko hicho hupenya na kulowesha matandiko. Mtoto aliyelazwa pembeni ndiye huamka alfajiri na mfuko wake wa kulalia umelowa miguuni, na wazazi hudhani hema linavuja ilhali hakuna hata tone moja la mvua lililopita.

Kimo nacho kina uzito wake. Hema lenye sentimita 190 au zaidi mahali pa kusimama humruhusu mtu mzima kuvaa suruali akiwa amesimama na kumbadilisha mtoto nguo bila kupiga magoti, na baada ya siku mbili za mvua mgongo hujua tofauti hiyo. Lakini kimo kinachoandikwa ni cha sehemu ya juu kabisa, na katika mahema yenye kuta zinazoinama kimo hicho hupatikana katikati tu. Hatua moja kando, tayari kichwa kinagusa kitambaa.

Sasa tuje kwenye mvua yenyewe. Uwezo wa kitambaa kuzuia maji huandikwa kwa milimita, nayo ni kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuihimili. Utaratibu wa kupima umewekwa na kiwango cha kimataifa ISO 811: kipande cha kitambaa hubanwa, shinikizo la maji huongezwa polepole, na kipimo husomwa pale maji yanapopenya mahali patatu. Kwa kifuniko cha nje, milimita 1,500 ndicho kiasi cha chini ambacho ningekubali, na milimita 3,000 zinatosha kwa mvua nyingi ambazo familia itakutana nazo. Sakafu inahitaji zaidi, milimita 5,000 au kuendelea, kwa kuwa goti la mtu mzima likikandamiza sakafu iliyo juu ya udongo uliolowa hutoa shinikizo kubwa mahali padogo, na maji hupata njia. Anayekushawishi ulipe zaidi kwa sababu paa lina milimita 10,000 anakuuzia kitu ambacho huenda usikihitaji, kwa maana hema la familia likivuja, kwa kawaida maji hayapitii kitambaani. Hupitia mishononi.

Mshono unastahili kutazamwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Sindano ya cherehani hutoboa kitambaa mara kadhaa katika kila sentimita moja, na kila tundu ni mlango wa maji usipozibwa. Watengenezaji makini hubandika utepe wa plastiki kwa joto upande wa ndani wa kila mshono wa kifuniko na wa sakafu. Geuza kifuniko ndani nje na ukifuate kwa kidole kuanzia kileleni hadi chini. Utepe uliobandikwa vizuri ni laini, hauna viputo, umekaa katikati ya mshono, na kando zake haziinuki ukizikwangua kwa ukucha. Angalia zaidi pale mishono mitatu inapokutana, kwa mfano juu ya mlango au kwenye pembe ya dirisha, maana hapo ndipo tepe hupandana na kuacha kijisehemu kilichoinuka. Kisha mwombe mwenzako amulike kwa tochi upande wa pili wa mshono. Ukiona mstari wa nukta ndogo za mwanga mahali pasipo na utepe, umeona mahali ambapo maji yataingia.

Jambo la pili ni umbali ambao kifuniko kinashuka. Yako mahema yenye kifuniko kidogo kinachofunika kilele tu, huku kuta za chini zikibaki na ngozi moja ya kitambaa. Hayo hupitisha hewa vizuri na huwa mepesi, na katika majira ya kiangazi hayana ubaya. Nimewahi kukaa ndani ya hema la namna hiyo wakati mvua ya upepo ilipokuja kwa ubavu: kilele kilikuwa kikavu kabisa, lakini maji yalipigwa hadi chini ya ukingo wa kifuniko, yakapita kwenye wavu wa juu na kuanguka juu ya mito kama vumbi laini. Hakuna milimita zozote za kitambaa zingezuia hali hiyo, kwa sababu maji hayakupita kitambaani hata kidogo. Tangu hapo sipendekezi kwa familia hema lolote ambalo kifuniko chake hakifiki karibu na ardhi pande zote.

Sakafu nayo inapaswa kushonwa moja kwa moja na kuta za vyumba vya kulala na kuinuka kwa umbo la beseni, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, ili maji yanayotiririka juu ya nyasi yasiingie. Ukitandika turubai chini ya sakafu kuilinda dhidi ya mawe na mizizi, hakikisha halitokezi nje ya ukingo wa hema. Likitokeza litakinga maji ya mvua na kuyaelekeza chini ya mnaolala, na hapo kinga imegeuka kuwa mfereji.

Sehemu ambayo wanunuzi wengi huidharau, na ambayo mimi naiweka mbele ya zote, ni baraza. Namaanisha ile nafasi iliyofunikwa kati ya mlango wa nje na mlango wa chumba cha kulala. Hapo ndipo viatu vyenye matope huvuliwa, makoti yaliyolowa hutundikwa, mabegi hupangwa na watoto hucheza wakati nje hakukaliki. Hema lisilo na baraza hulazimisha kila anayetoka na kuingia apeleke matope moja kwa moja kwenye matandiko, na ifikapo usiku wa pili hakuna tena mahali safi. Kwa familia ya watu wanne ningetaka baraza lenye kina cha mita 2 angalau, lenye milango miwili, ili upepo ukibadilika mfunge upande mmoja na kutumia mwingine. Nikilazimika kuchagua kati ya chumba cha kulala kikubwa na baraza kubwa, nitachagua baraza bila kusita, kwa sababu usingizini mtu hahitaji nafasi ya kutembea.

Kwa vigezo hivyo, aina ya kwanza, yaani hema la kuba, hupata alama za wastani. Hili ni lile ambalo fito mbili au tatu hupinda na kupishana kileleni. Uzuri wake ni kwamba husimama lenyewe kabla hata ya kigingi kimoja kupigwa, kwa hiyo unaweza kulihamisha ukigundua umeliweka juu ya jiwe, na ni rahisi kueleweka hata na mtu ambaye hajawahi kupiga hema. Kwa watu wawili au watatu ni chaguo jema. Likikuzwa hadi watu sita, fito huwa ndefu mno na kilele hupanda juu, upepo hulisukuma, na kuta zake zinazoinama hula nafasi ya pembeni ambayo karatasi ya vipimo huihesabu kama sakafu. Mengi katika aina hii hutaka hema la ndani lisimamishwe kwanza na kifuniko kifuate, jambo linalomaanisha kwamba mkifika kambini mvua ikinyesha, vyumba vya kulala vitalowa kabla havijafunikwa. Tofauti yake ni yale ambayo fito zake hupishana mara nyingi na kugawa paa katika pembetatu, muundo ambao kampuni ya The North Face iliuingiza sokoni mwaka 1975 kwa hema lake la Oval Intention. Hayo ni imara mno katika upepo, lakini yametengenezwa kwa ajili ya wapanda milima na mara chache huwa na nafasi ambayo familia inaitaka.

Katika hema la kuba ndipo ubora wa fito hujulikana mapema. Fito za faibaglasi ni za bei nafuu na zinafaa kwa matumizi ya mara moja moja, ila zikizeeka hupasuka kwa urefu, na vipande vyake vyembamba huchoma vidole na kutoboa kitambaa. Tazama pale ufito unapoingia katika bomba dogo la chuma la kiungo: mpasuko huanzia hapo, kama mstari mweupe mwembamba, siku nyingi kabla ufito haujavunjika. Alumini ngumu ni ghali zaidi, ni nyepesi, na ikizidiwa hupinda badala ya kupasuka, hivyo unaweza kuinyoosha na kumaliza safari.

Aina ya pili ni hema la mfano wa handaki, na hapa nakaa zaidi kwa sababu ndilo linalokidhi mahitaji ya familia nyingi. Fito zake hazipishani. Kila moja huunda tao lake, na matao hayo hupangwa moja nyuma ya jingine hadi kupatikana umbo refu lenye kuta zilizosimama karibu wima. Matokeo yake ni kwamba sakafu yote inatumika. Mtu mzima anaweza kusimama karibu na ukuta, kabati dogo la nguo linaweza kuwekwa pembeni, na baraza linaweza kurefushwa kwa kuongeza tao moja tu. Vyumba vya kulala hutundikwa kwa ndani kwa klipu, na katika mengi ya mahema haya hubaki vimetundikwa hata hema likikunjwa. Ukifika kwenye mvua, kifuniko husimama kwanza na vyumba husimama pamoja nacho, vikavu. Asubuhi ya kuondoka unaweza kuvishusha vyumba, kuvikunja na kuvifungasha chini ya paa kabla ya kugusa kifuniko kilicholowa. Kwa familia inayosafiri na mtoto mchanga, faida hiyo pekee inatosha kuamua.

Udhaifu wake ni mbili, na muuzaji anapaswa kukueleza yote. Kwanza, halisimami bila vigingi. Ardhi ikiwa ya mwamba au ya saruji, litakutesa. Pili, linastahimili upepo unaolijia kwa mbele au kwa nyuma kuliko unaolipiga ubavuni. Upepo wa ubavu hukandamiza matao yote kwa pamoja na kuyalaza. Kwa hiyo ni lazima uusome upepo kabla ya kuliweka, uelekeze upande wake mfupi na wa chini kule upepo unakotoka, na ufunge kamba zote za kando hata kama mbingu ni shwari, kwa kuwa hakuna anayependa kutoka usiku kwenda kutafuta kamba gizani. Pia linahitaji uwanja: hema la watu sita la aina hii linaweza kufika urefu wa mita 6 na zaidi, na kambi nyingine zina viwanja vidogo.

Aina ya tatu ni hema la hewa, ambalo kwa umbo mara nyingi ni handaki lile lile, isipokuwa fito zimebadilishwa kwa mirija minene inayojazwa hewa kwa pampu. Kampuni kama Vango, ya Uskoti, imejijengea jina kwa mirija yake iitwayo AirBeam. Sifa kuu ni wepesi wa kulisimamisha: mtu mmoja hulitandaza, hupiga vigingi vya pembe, hupampu tao moja baada ya jingine, na hema huinuka mbele ya macho yake huku mwenzake akiwashughulikia watoto. Katika upepo mkali mirija hupinda kisha hurudi mahali pake bila kuvunjika. Hofu ya kutoboka ni kubwa kuliko hatari yenyewe, kwa kuwa mrija wa ndani umevikwa ala ya kitambaa kigumu yenye zipu. Hutolewa, huzibwa kiraka au hubadilishwa. Kinachohitaji umakini ni joto. Hewa hupanuka juani, hivyo mrija uliojazwa barabara alfajiri ya baridi unaweza kuwa mgumu kupita kiasi saa sita mchana, na ni vyema kupunguza kidogo. Usiku wa baridi nao huulegeza, na huo si uvujaji.

Ninachokilalamikia ni uzito. Hema la fito la watu sita mara nyingi huwa kati ya kilo 12 na 20, ilhali la hewa la ukubwa huo huo linaweza kuzidi kilo 25, bila kuhesabu pampu. Mfuko wake haubebeki na mtu mmoja kwenda mbali, na hujaza sehemu kubwa ya buti la gari dogo. Ni ghali zaidi pia. Kwa mzazi anayesafiri peke yake na watoto, ningesema gharama hiyo ina sababu. Kwa watu wazima wawili wenye afya, dakika zinazookolewa hazilingani na fedha inayoongezwa, na ningependa fedha hiyo ielekezwe kwenye baraza kubwa na magodoro bora.

Mahema ya kufunguka yenyewe ni aina ya nne, na sitayachambua kwa kirefu. Lile la Quechua, chapa ya kampuni ya Decathlon, liitwalo 2 Seconds, lililotoka mwaka 2005, liliwaonyesha watu kwamba hema linaweza kurushwa hewani likatua limesimama, na kwa vijana wawili ni raha tupu. Kwa familia huja kwa sura nyingine, ya fito zilizounganishwa tayari kileleni, ambazo huvutwa na kubonyezwa hadi zikakamatana. Husimama kwa dakika chache. Lakini likikunjwa hubaki refu kama sentimita 120 au zaidi, na kiungo kimoja cha plastiki kikivunjika ni vigumu kukibadilisha, kwa sababu fremu yote ni kitu kimoja. Isitoshe, mengi yana kile kifuniko kifupi nilichokikataa hapo juu. Yanafaa kwa safari za usiku mmoja katika majira makavu.

Ya tano ni hema la mviringo la turubai la pamba, lenye nguzo moja katikati. Ni umbo la zamani. Henry Hopkins Sibley, afisa wa jeshi la Marekani, alipata hataza ya hema lake lenye umbo la pia mwaka 1856. Ndani yake mna utulivu ambao kitambaa cha plastiki hakitoi: pamba hupumua, hivyo unyevu haujikusanyi kwa wingi, mchana huwa na ubaridi, na sauti ya mvua huwa ya chini. La kipenyo cha mita 5 lina karibu mita 20 za mraba za sakafu. Turubai jipya linapaswa kuloweshwa na kukaushwa kabla ya safari ya kwanza, ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Tatizo ni kwamba la ukubwa huo huzidi kilo 30 likiwa kavu, na likilowa huzidi hapo sana. Likifungwa na unyevu huota ukungu ndani ya siku chache. Anayekaa kambini wiki nzima mahali pamoja na ana mahali pa kulianika nyumbani, huyo alichukue kwa moyo mweupe. Anayehama kila asubuhi asilifikirie.

Nimetaja pamba, basi niseme na vitambaa vingine. Mahema mengi ya familia hutengenezwa kwa poliesta, na ni uamuzi wa busara, kwa kuwa poliesta hustahimili jua kuliko nailoni na hailegei sana ikilowa. Nailoni ni nyepesi na ina nguvu, lakini hunyonya maji na kunyooka, na paa lililokuwa limekazwa jioni hukutwa limebonyea alfajiri. Unene wa uzi huandikwa kwa herufi D. Namba hiyo ni uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Poliesta ya 68D au 75D ni ya kawaida na inatosha, na 150D ni nzito na hudumu zaidi. Hata hivyo adui mkubwa wa vitambaa hivi ni ufungaji wa haraka. Tabaka la poliurethani, plastiki ya kuzuia maji, lililopakwa upande wa ndani huoza kidogo kidogo kwa unyevu na joto, na hema lililowekwa stoo likiwa bichi hufunguliwa msimu unaofuata likiwa linanata na kutoa harufu mbaya isiyotoka kwa kuoshwa. Hakuna dawa ya hali hiyo. Kama huna mahali pa kulianika hema kubwa likiwa limetandazwa, punguza ukubwa wa hema kabla ya kulinunua.

Kuhusu unyevu wa ndani, pumzi za watu wanne usiku kucha ni maji mengi, na kitambaa kisichopitisha maji hakiyapitishi kutoka upande wowote. Hema zuri lina matundu ya hewa chini na juu, yote mawili, ili hewa ya baridi iingie na ya joto itoke, na yaweze kuachwa wazi hata mvua ikinyesha. Wanunuzi wengine huyafunga yote kwa kuogopa baridi, kisha hulalamika kwamba paa linatona. Vyumba vyeusi vya kulala, kama vile kampuni za Coleman na Decathlon zinavyouza, hutangazwa kuzuia asilimia 99 ya mwanga wa jua, na kwa wenye watoto wanaoamka na jua la kwanza naona faida yake ni ya kweli.

Lipo moja ambalo halina mjadala. Jiko la mkaa, jiko la gesi la kupikia au jenereta havipaswi kuwashwa ndani ya hema wala kwenye baraza lililofungwa, hata kwa dakika chache za kupasha joto, na mkaa unaoonekana kuzimika bado ni hatari. Moto hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala haamki kuikimbia. Lebo inayoonyesha hema limekidhi kiwango cha kimataifa cha mahema, ISO 5912, au CPAI-84 kinachotumika Amerika Kaskazini kuhusu kushika moto, ni jambo jema kuitafuta, ila haimaanishi kwamba kitambaa hakiungui.

Vigingi vinavyokuja na hema karibu vyote ni dhaifu. Nunua vingine: vya chuma kigumu kwa ardhi ngumu, vyenye umbo la V kwa udongo laini, na vipana vya plastiki kwa mchanga. Vipigwe vichwa vikiwa vimeinamia mbali na hema. Kamba ziwe za rangi inayoonekana usiku, kwa ajili ya watoto wanaokimbia.

Hukumu yangu, basi, ni hema la handaki la poliesta, lenye fito, kifuniko kinachofika chini, vyumba viwili vinavyotundikwa, baraza la kina cha mita 2 au zaidi, na namba inayoizidi familia kwa watu wawili. Mzazi aliye peke yake na watoto achukue la hewa lenye sifa hizo hizo. Mkilipata, lisimamisheni nyumbani ndani ya muda ambao duka linaruhusu kurudisha bidhaa, hesabuni fito na klipu, fungueni na kufunga kila zipu mara kadhaa huku mkiangalia kama inang'ata kitambaa kwenye kona, kisha limwagieni maji kwa mpira wa bustani kwa robo saa huku mmoja wenu akiwa ndani na tochi. Na kabla ya kulipa, ulizeni kama mtengenezaji huuza ufito mmoja mmoja na mrija mmoja mmoja. Asiyeuza vipuri, mpiteni muende kwa mwingine.